Njia ya Mwongo ni Fupi

Siku mtandao wa ofisi ya Kakuma ulipokwama, mimi nilikuwa Lodwar, nimekaa chini ya feni na soda mkononi. Hata nilikuwa na furaha. Wiki hiyo swichi mbili za zamani zilikuwa zimerudishwa kutoka Kakuma, na nilitaka kuona kama moja bado iko fiti. Nikaichomeka kwenye swichi kubwa ya ofisi, nikachomeka laptopu yangu kwenye tundu lingine, taa zikawaka kijani. Nikasema poa, bado inaishi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi.

Saa nne simu zikaanza.

Kilomita kama 120 kutoka mezani pangu, kwenye kituo kimoja cha huduma, watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Mtu huonyesha kadi, jina lake linatafutwa kwenye seva iliyoko Lodwar, jibu linarudi, anahudumiwa, anaenda zake. Asubuhi hiyo majina yalikuwa yanatafutwa na majibu hayarudi. Nilipiga simu kwa watu wa minara, nikapima redio, nikauliza kuhusu stima. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichofanya kazi. Kufikia saa saba mchana foleni iliambiwa irudi Jumatatu. Kuna akina mama waliokuwa wametembea mwendo mrefu wakiwa na watoto mgongoni. Wakageuka na jua lile la Kakuma, wakarudi walikotoka.

Sitaitaja ofisi, na hakuna haja. Kosa lilikuwa langu. Makosa ya mafundi ni mengi na kwa kawaida hayafai hata kuandikwa. Hili naliandika kwa sababu ya namna lilivyosafiri, na kwa sababu ya kijana mmoja aliyebebeshwa mzigo wake.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Kwenye mtandao mdogo, fundi anaweza kuandika njia kwa mkono: ukitaka kufika kule, pitia hapa. Njia ya namna hiyo haibadiliki mpaka fundi mwenyewe aibadilishe. Anayeishi Lodwar ataona shida yake mara moja. Lagga ya Kawalase inaweza kuwa mchanga mtupu saa kumi jioni, watoto wanacheza mpira ndani yake, na usiku huohuo ikawa mto unaobeba miti. Dereva aliyeambiwa "pitia laggani" na hana habari nyingine ataingia majini. Mashine yenye njia ya kuandikwa ndiyo dereva huyo. Itaendelea kutuma ujumbe kwenye njia iliyokufa mpaka fundi aamke.

Kwa hivyo tunaziachia swichi zitafute njia zenyewe. Unaipa kila moja amri chache: washa OSPF, zungumza na majirani kupitia nyaya hizi, tangaza mitandao hii. Kuanzia hapo zinaongea bila wewe. Neno "jirani" si la kwangu, ndilo linalotumika kwenye protokoli yenyewe. Majirani wanasalimiana, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, anahesabiwa amekufa na njia zote zilizopita kwake zinatafutiwa mbadala. Hawawi majirani ovyo: wasipokubaliana muda wa salamu, hawaungani. Na fundi akitaka, anaweza kuweka neno la siri ambalo kila jirani lazima alijue kabla ya kusikilizwa.

Mimi sikuwa nimeweka neno la siri. Nilikuwa nimepanga kuliweka kesho. Hiyo kesho ilikuwa na umri wa mwaka na nusu.

Majirani wakishaungana, kila mmoja anatangaza anachokijua: mimi ni fulani, kwangu kuna mtandao huu na huu, na kufika kwangu ni gharama kiasi hiki. Kila swichi inakusanya matangazo yote, inachora ramani nzima, kisha inatafuta njia yenye gharama ndogo zaidi. Hesabu inayotumika ilifikiriwa mwaka 1956 na Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa amekaa kwenye mkahawa wa Amsterdam na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Mwenyewe alisimulia kwamba ilimchukua dakika kama 20. Ikachapishwa 1959. Kila siku inaamua barabara za mabilioni ya jumbe, na haijawahi kuuliza swali ambalo halikuwa kazi yake: je, aliyeniambia kuna njia pale anasema kweli?

Sasa rudi mezani pangu. Ile swichi ya zamani ilikuwa imefanya kazi Kakuma miaka kadhaa. Ilipobadilishwa, mpya ilirithi anwani zake zote. Ya zamani ikatolewa ukutani, ikafutwa vumbi, ikatiwa kwenye katoni, ikaletwa Lodwar kwa gari. Hakuna aliyeifuta kumbukumbu. Nilipoiwasha ikafanya ilichofundishwa. Ikamsalimu jirani, jirani akaitikia, ikatangaza: mtandao wa kituo cha Kakuma uko hapa kwangu. Laptopu yangu ilikuwa kwenye tundu lilelile ambalo zamani lilikuwa la kituo, kwa hivyo swichi iliona kuna mtu nyumbani na ikatangaza bila wasiwasi.

Swichi kubwa ya Lodwar ikawa na habari mbili. Mtandao wa kituo uko Kakuma, kupitia redio, gharama 11. Mtandao wa kituo uko hapa mezani, gharama 2. Ikachagua 2. Maswali kutoka Kakuma yaliendelea kufika kwenye seva bila shida. Majibu ndiyo yaliyotumwa mezani pangu, jina baada ya jina, kwenye swichi isiyo na mtu wa kumpa, yakafia hapo karibu na soda yangu.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, wakimaanisha kwamba mwongo haendi mbali kabla hajashikwa. Kwenye mtandao methali inageuka. Njia ya uongo inashinda kwa sababu ni fupi. Ukweli ulikuwa kilomita 120, una milima, minara na redio njiani, una gharama. Uongo ulikuwa hapa karibu, rahisi, unapatikana. Mashine iliyofundishwa kupenda njia fupi haikuwa na sababu ya kwenda mbali.

Na hili halikutupata sisi peke yetu jangwani. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan, ikitekeleza agizo la serikali ya kuifunga YouTube ndani ya nchi, ilitangaza njia ya kwenda sehemu ya anwani za YouTube. Tangazo lilikusudiwa kubaki nyumbani. Likavuja kwa jirani wao wa Hong Kong, naye akalipitisha kwa majirani zake, na kwa muda wa kama saa mbili watu wengi duniani waliotafuta YouTube walikuwa wanatumwa Pakistan, mahali ambapo hakuna kitu. Tangazo hilo lilishinda kwa sababu lilikuwa mahususi zaidi kuliko la YouTube wenyewe, na protokoli ya BGP inayounganisha intaneti ya dunia humwamini anayetaja eneo dogo zaidi. Ni kama binadamu. Mtu akisema "kuna fujo mjini," unasita. Akisema "kuna fujo pale stejini, nyuma ya duka la viatu," unaanza kukimbia.

Swali langu la kwanza linaanzia hapo. Nani alidanganya? Swichi ya zamani ilisema ukweli, ila ulikuwa ukweli wa zamani. Swichi kubwa ilirudia ilichoambiwa na jirani anayeaminika. Zote zilifuata kanuni. Mtandao mzima ulijaa uongo na ndani yake hamna mwongo hata mmoja. Tunaujua utetezi huu, tunautumia kila siku kwenye simu zetu: mimi nimetuma tu vile nilivyopokea. Kwa swichi utetezi huo unatosha kabisa. Nilitaka sana utoshe kwangu pia.

Saa saba na dakika kumi nilichomoa ile swichi niende kula. Sikujua chochote. Nilichomoa tu kwa sababu sipendi kuacha vitu mezani. Mtandao ukarudi.

Dakika hizohizo, kule Kakuma, kulikuwa na jambo lingine. Kuna kijana alikuwa kituoni kwa mafunzo ya kazi, miezi mitatu, mwanafunzi wa kompyuta. Amezaliwa kambini Kakuma na hajawahi kuishi kwingine. Asubuhi hiyo aliingia kwenye chumba cha vifaa kupangusa vumbi, kazi ambayo pale hufanywa karibu kila siku, maana vumbi la huko linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Askari alimwona akiingia. Mtandao ulipokwama askari akakumbuka. Saa saba, foleni ikiwa imekasirika na kila mtu anatafuta wa kulaumu, kijana akatolewa kwenye chumba na kuambiwa akae nje. Akatoka, na baada ya dakika chache skrini zikaanza kujibu.

Unaona? Ametoka, mtandao umerudi. Ushahidi gani tena unautaka?

Mwenzangu wa Kakuma akanisimulia stori hiyo kwa simu jioni ile, nami nikaiamini. Kwa nini nisiamini? Jumamosi nilipofungua kumbukumbu za swichi kubwa, nikaona mistari miwili. Saa tatu na dakika 44: jirani mpya ameungana. Saa saba na dakika 10: jirani huyo ametoweka. Jina la jirani lilikuwa la swichi ya zamani. Nikaisoma mistari ile mara nne. Nikaizima laptopu, nikatoka nje, nikatembea mpaka nikajikuta chini ya kile kilima chenye sanamu ya Yesu, bila kukumbuka nimepita wapi.

Jumatatu bosi akapiga simu. "Nasikia ni yule kijana aligusa waya."

Nikasema, "Hata mimi nimesikia hivyo, bosi."

Itazame vizuri sentensi hiyo. Haina uongo. Nilikuwa nimesikia kweli. Bosi naye akawapigia Kakuma: "Hata fundi wa Lodwar amethibitisha." Mwenzangu wa Kakuma, aliyenipa ile stori Ijumaa, akanipigia jioni kunijulisha: "Bro, bosi amethibitisha ni yule kijana." Jumanne kijana akaambiwa asirudi.

Kuna ugonjwa wa zamani wa mitandao unaofanana na hili mpaka inatisha. Kabla ya OSPF kuenea, wengi walitumia RIP, ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa 1988. Kwenye RIP hakuna ramani. Kila rauta inamwambia jirani tu, "ninaweza kufika kule, ni hatua tatu." Jirani anaongeza moja, anapeleka mbele. Wahandisi wenyewe huuita utaratibu huo njia za uvumi. Sasa chukua rauta mbili, A na B. A ndiyo yenye njia ya kwenda mjini, na B inaijua kupitia A. Njia ya A ikatike. Kabla A haijatangaza msiba, B inaropoka: "mimi ninaweza kufika mjini, hatua mbili." A inafurahi, inaandika: mjini, hatua tatu, kupitia B. B inasikia A imebadilika, inaandika hatua nne kupitia A. A inaandika tano. Kila moja inaamini kwa sababu ya mwenzake, mwenzake anaamini kwa sababu yake, na barabara yenyewe haipo tangu zamani. Ujumbe unaotumwa mjini unazunguka kati yao mpaka unakufa.

Bosi, mwenzangu na mimi tulikuwa rauta tatu za aina hiyo. Tofauti ni kwamba mmoja wao alikuwa anajua barabara haipo.

Kuna methali nyingine tunayopenda kuitoa mtu akisemwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimekua nikiisikia na sikuwahi kuihoji. Sasa naiona kama maelezo mazuri ya ule mzunguko wa A na B. Likisemwa vya kutosha litakuja kweli. Kijana hakugusa waya, ila kufikia Jumanne alikuwa amefukuzwa kwa kugusa waya, na anayefukuzwa lazima alifanya kitu, au vipi?

Waliotengeneza RIP waliujua ugonjwa huu na wakaupa dawa tatu ambazo zinafaa kufikiriwa hata na asiyemiliki kebo. Ya kwanza: usimrudishie mtu habari aliyokupa yeye mwenyewe kana kwamba ni yako. Ukiifuata hiyo tu, nusu ya umbea wa ofisi unakufa. Ya pili: njia ikifa, itangaze kifo chake kwa sauti, usinyamaze tu ukitumaini wengine watagundua. Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Waliweka kikomo. Hesabu ikifika 16, wote wanakubaliana kwamba hiyo ni sawa na "haifikiki," na wanaacha. Walikubali kwamba uongo utaingia, kisha wakauamulia mahali pa kufia. Sisi watu hatuna 16. Stori ya kijana ingeweza kuzunguka Kakuma na Kalobeyei miaka kumi, ikiongeza hatua kila mara, na hakuna mahali ambapo ingegonga ukuta.

Utaniuliza: sasa tusiaminiane? Tuthibitishe kila kitu wenyewe? Nimelifikiria hilo pia, na ninaona haliwezekani. Mtandao ambao kila swichi inaamini waya wake tu ni mtandao wa kuandika njia kwa mkono, dereva anayeingia majini. Nisingeweza kuishi Lodwar wiki moja bila kuamini watu nisiowajua: aliyesema barabara ya kuelekea Lokichar iko sawa, aliyesema maji ya mtungi huu ni safi. Hata swichi hupewa viwango vya kuamini. Kwenye vifaa vya Cisco waya ulioguswa moja kwa moja una kiwango 0, njia aliyoandika fundi 1, OSPF 110, RIP 120, na kadiri namba inavyopanda ndivyo imani inavyopungua. 255 maana yake usimwamini kabisa. Ninachopenda kwenye orodha hiyo ni kwamba mtu alikaa akaiandika kabla ya shida kutokea. Mimi orodha yangu sikuwahi kuiandika. Laiti ningeiandika, ningeona kwamba neno la askari nililipa 0 na neno la kijana sikuliuliza hata. Hakuna aliyempigia. Alikuwa waya uliokuwepo chumbani, na kwetu sote alikuwa 255, kwa sababu ya mahali alipozaliwa na kadi aliyonayo. Hilo hakuna protokoli iliyotufundisha.

Siku moja jioni nilikuwa nakunywa chai kibandani Kanamkemer na mzee mmoja ambaye amechunga mbuzi na ngamia maisha yake yote. Nilimuuliza, bila kumwambia kwa nini, wafugaji hujuaje habari ya malisho ni ya kweli, maana ukihamisha mifugo kwa uvumi unaweza kuwamaliza njiani. Akacheka. Akasema mtu akija akuambie mvua imenyesha upande wa Loima, humwiti mwongo wala humfuati. Unampa chai, unamuuliza: uliona nyasi au uliona mawingu? Akisema mawingu, unamshukuru, na unatuma kijana mwenye miguu mizuri akaone.

"Na yule aliyeona mawingu akisema ameona nyasi?"

Mzee akaniangalia kidogo. "Huyo mbuzi wakifa ni wake wa kulipa. Hata kama mawingu yalikuwepo."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya neno "nimesikia" kwa siku nane. Neno hilo ni la haki kabisa kwa mtu aliyeona mawingu tu. Mimi nilikuwa nimeona ardhi kavu kwa macho yangu, mistari miwili, saa na dakika, kisha nikasema nimesikia kuna mvua. Sentensi inaweza kuwa ya kweli na anayeisema akawa anadanganya. Swichi haiwezi kufanya hivyo. Inahitaji mtu.

Kuna sheria ya OSPF ambayo nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya mtihani na nikaielewa siku hiyo. Kila tangazo linabeba jina la aliyelitoa, namba yake ya mfuatano, na umri wake kwa sekunde. Wengine wanalipitisha, lakini hawaruhusiwi kulibadilisha maana. Lisipohuishwa likafikisha sekunde 3,600, yaani saa moja, linakufa lenyewe. Na ukitaka lifutwe kabla ya hapo, ni yule aliyelitoa peke yake anayeweza kulifuta. Jirani hawezi kulifuta kwa niaba yake, hata kama anajua ni la uongo. Tangazo la kufuta lazima litoke kwa mwenye jina, na lipite njia zilezile zote lilizopita la kwanza.

Siku ya tisa nikampigia bosi. Nikamwambia yote: swichi ya zamani, laptopu, mistari miwili, na ile "nimesikia." Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kwa nini sikusema Jumatatu. Nikamwambia niliogopa. Akasema sawa, mtandao si umerudi, kijana tutamtafutia nafasi, tusichafue hewa tena. Alikuwa ananionea huruma, na kwa dakika moja nilitaka kuikubali. Lakini stori ilitangazwa Kakuma, mbele ya foleni na mbele ya askari, kwa jina la "fundi wa Lodwar." Isingefutwa kwa simu ya watu wawili. Nikaomba gari la kesho yake.

Nilisema pale kituoni, wafanyakazi wakiwa wamekusanyika kwa chai ya saa nne. Sikusema vizuri. Nilichanganya maneno ya kazi na ya kawaida, na nadhani nusu yao hawakuelewa swichi ilifanya nini. Walielewa "ni mimi." Askari alisema, "Lakini mimi nilimwona akiingia." Ni kweli, alimwona.

Kijana alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni. Baadaye tulikaa nje kwenye kivuli, nikamchorea kwa kidole mchangani: Lodwar hapa, redio hapa, swichi ya zamani hapa. Alifuata haraka kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hivyo ile swichi haikudanganya," akasema. "Ilikuwa inakumbuka kwao."

"Ndiyo."

"Lakini wewe, fundi, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Alirudi kazini, akamaliza wiki zake, akapata barua yake. Mwenzangu ananiambia askari bado humfuata kwa macho akikaribia chumba cha vifaa. Na wale akina mama waliogeuka na jua la saa saba, kwao hakuna tangazo lolote lililofika. Sijui wanasema ilikuwa nini siku ile. Habari ya kwanza ilifika kila mahali kwa dakika chache, na ya pili bado inatembea kwa miguu.

Siku hizi swichi yoyote inayorudi naifuta kabla sijaiwasha. Majirani wote sasa wana neno la siri. Kazi hiyo ilinichukua dakika 40. Na mtu akinipigia akaniambia nasikia fulani amefanya hivi, najizuia kidogo, natafuta nilichokiona mwenyewe. Mara nyingi sijaona kitu. Basi nasema sijui, hata kama upande wa pili wa simu kuna bosi anayesubiri nikubali.